Mbegu za Mghoi

Wazazi wakigombana, mtoto hapandi mbegu. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bwana arusi maneno hayo, mkacheka, na sasa mmenizunguka mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, kaeni. Yalitoka kwenye shamba la mume na mke waliopendana sana.

Ndiyo, waliopendana. Mwakio na mkewe Mkawasi walikuwa watu wazuri, ila midomo yao haikujua kupumzika. Chumvi ikizidi, ugomvi. Mbuzi akikata kamba, ugomvi. Mkawasi alikuwa na neno lake: "Narudi kwetu!" Mwakio naye alikuwa na jibu lake: "Njia unaijua!" Kabla jua halijapanda sana, utawakuta nyuma ya nyumba wanamenyeana miwa na kutaniana. Kwao ugomvi ulikuwa kama chafya, ukishatoka umekwisha.

Lakini walikuwa na binti, Mghoi, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Kelele alizisikia zote, maana zilifika hadi kwa majirani. Kupatana kulikuwa kwa kunong'ona, na huko mtoto hakukusikia.

Kule milimani walikoishi, mvua za kwanza zikianguka, kila mtoto hupewa mbegu za maboga na kipande chake cha kulima. Boga lake la kwanza huliwa na nyumba nzima, naye husifiwa mpaka aone haya. Mwaka huo watoto wote walipanda, kipande cha Mghoi kikabaki kitupu. Mama yake alidhani ni uvivu. Alipoanza kumgombeza, akaona pindo la nguo ya mtoto limefungwa fundo.

"Hebu fungua tuone," alisema Mkawasi.

Zilikuwa mbegu zote, hata moja haijapotea.

"Mbona hukupanda, mwanangu?" aliuliza Mwakio.

"Nimezifunga nizibebe, baba."

"Uzibebe uende nazo wapi?"

"Sijui. Mama akirudi kwao, sijui kama nitakwenda naye au nitabaki nawe. Na boga likishaota halihami."

Mkawasi alicheka kidogo kwa mazoea, kisha kicheko kikageuka kilio. Akamvuta mwanawe kifuani.

"Siendi popote, mama'ngu. Lile ni neno la hasira tu."

"Nitajuaje?" Mghoi aliuliza.

Hapo ndipo ninapompenda mtoto huyu. Hakupanda siku hiyo, alingoja. Na wazazi wake hawakugeuka malaika. Chumvi ilizidi tena, wakagombana tena. Ila Mkawasi alilimeza neno lake, ingawa lilimkwama kooni kama kiazi kikavu. Mwakio naye akaomba radhi kwa sauti ileile aliyotumia kugombana: "Nisamehe, mke wangu!" Majirani wakatoka kuchungulia kuna nini.

Mghoi alisikia. Akaenda kuchukua jembe.

Alikuwa amechelewa, mvua zikaisha mapema, akapata boga moja tu, dogo kama ngumi. Walilila watatu, na Mwakio akaapa kwamba hajapata kushiba namna ile.

Kwa hiyo wewe Mwadime, unayechekacheka hapo na mchumba unaye, ukishaoa, gombana na mkeo ukitaka, sitakuzuia. Lakini mkipatana, mpatane mahali mtoto anaposikia. Wazazi wakigombana, mtoto hapandi mbegu.