Kadi ya Mtoto wa Zaituni

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana mtoto mwenyewe hata kutambaa bado, palikuwa na Zaituni. Alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari, naye ana mtoto wa miezi minne. Msinikatize. Nikinyamaza hapa sitaweza kuendelea, kwa kuona haya.

Zaituni aliugua moyo, ile huzuni nzito inayompata mama akishajifungua. Hali wala halali usiku, akinyonyesha machozi yanamdondokea mtoto usoni. Maziwa yakapungua.

Akamwambia mama mkwe, "Mama, naogopa kubaki peke yangu na mtoto."

Bi Mwanahawa akasema, "Mwanangu, sote tumezaa. Daktari akilia, wagonjwa wafanyeje? Usituaibishe."

Akanyamaza. Akamwambia mumewe, "Hemedi, nataka kusimamisha masomo nikatibiwe."

Hemedi akasema, "Imebaki miezi mitatu tu. Jikaze." Kila asubuhi akampigia pasi koti jeupe.

Akanyamaza. Kliniki ya watoto, alikofanyia mazoezi ya udaktari, muuguzi anapima, Zaituni anaandika kadi za uzito. Ilipofika zamu ya mwanawe, muuguzi akasoma mzani, "Kilo tano." Zaituni akaandika sita. Mwezi uliofuata, tano kasoro robo. Akaandika sita na nusu. Kadi inapanda, mtoto anashuka. Muuguzi akaona, akawaza: nikisema, watamfukuza chuo. Akanyamaza naye.

Mwezi wa tatu mtoto akalegea, akalazwa. Wakasimama wote kitandani pake.

Bi Mwanahawa akasema, "Aibu ni yangu. Aliniomba msaada, nikampa maneno."

Hemedi akasema, "Ni yangu. Nilinyoosha koti, mvaaji sikumtazama."

Zaituni akasema, "Ni yangu. Dalili zote nilizijua, nimezijibia mtihani. Na kalamu nilishika mimi."

Muuguzi hakusema kitu.

Mtoto amepata nafuu, na Zaituni anatibiwa. Najua mnataka kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Basi semeni, Zaituni alificha, au alifichwa?

Maana muuguzi yule ni mimi. Wakubwa wa hospitali wamenipa fomu, kesho niirudishe. Inauliza ni nani aliyemfikisha mtoto hali ile, na atakayetajwa kazi ya tiba hataifanya tena. Wameniachia nafasi ya jina moja tu. Toka jana naishika kalamu naiweka chini.

Je, enyi mnaonisikiliza, niandike jina la nani?