Mbweha na Dubu Aliyengojea Samaki

Paukwa!

— Pakawa!

Paliondokea barafu!

— Ikabaki bahari!

Basi sogeeni. Leo nawapeleka mbali, kaskazini kabisa, ambako kiangazi jua halitui na mtu hajui saa ya kulala.

Huko aliishi Mbweha, mdogo, mweupe, mjanja, mama wa watoto watano. Aliishi pia Dubu, mkubwa kama kibanda, na tumbo lake halina mwisho. Mbweha alimwita mjomba. Hawakuwa ndugu, la. Ila kila majira ya baridi Dubu alivunja barafu, akakamata sili, mnyama mnene wa baharini, akala mafuta, akaacha nyama, na Mbweha aliyemfuata nyuma akaokota. Ndivyo alivyokua, ndivyo alivyolea.

Kiangazi hicho barafu iliyeyuka mapema, sili wakaenda zao. Njaa! Kisha bahari ikatupa ufukweni nyangumi aliyekufa. Dubu akawahi, akamlalia juu.

Siku ya kwanza Mbweha akaja. "Hodi, mjomba. Nigawie kipande, watoto wanalia."

"Bado sijashiba." Nyafu, nyafu, nyafu.

Siku ya pili akaja. "Mjomba, hata ngozi tu."

"Bado sijashiba." Nyafu, nyafu, nyafu.

Siku ya tatu akaja. "Mjomba, kitinda mimba wangu hasimami tena."

"Bado sijashiba!" Na teke juu.

Siku ya nne ikaja meli. Booo! Wakashuka watu wenye makoti mekundu, wakapanda viboti vya mpira, dududududu, darubini shingoni, kamera mkononi. Walikuja kutazama wanyama.

"Jamani, dubu! Dubu!" Ka-cha! Ka-cha!

"Polepole," akasema kiongozi wao, mama mmoja aitwaye Ragna. "Tusimsogelee. Yuko mezani."

Mbweha akasikia, akapata wazo.

"Mjomba, wageni hawa wamekuja kwa ajili yako. Meli imejaa samaki. Lakini ni watu wa adabu, hawampi zawadi aliye mezani. Panda barafu ile inayoelea, usimame wakuone vizuri."

"Samaki wengi?"

"Utashindwa mwenyewe."

Dubu akapanda. Ka-cha! Akasimama kwa miguu miwili. Ka-cha, ka-cha! Akageuka huku, akageuka kule.

"Mpwa wangu, mbona samaki hawaji?"

"Ngoja, mjomba! Samaki huja mwisho."

Maji yakaanza kupwa, yakaivuta barafu taratibu. Watu wakapunga mikono, wakarudi melini. Booo! Meli ikaenda. Dubu bado amesimama, kifua mbele, anangoja samaki. Ukungu ukashuka, ukamfunika.

Mara sauti ikatoka ukunguni. "Mpwa wangu! Siioni pwani. Iko upande gani?"

Mbweha na watoto wake walikuwa tayari juu ya nyangumi, na mdomo wake umejaa nyama. Alijua Dubu ni mwogeleaji hodari. Sauti moja tu ingetosha kumrudisha. Akawatazama watoto wake wanavyorarua. Akatafuna.

"Mpwa wangu! Uko wapi?"

Akatafuna.

"Mpwa wangu..." Mara hii sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

Akameza.

Watoto waliposhiba wakalala, hata yule mdogo. Hapo Mbweha akakimbia mpaka majini, akabweka hata koo likamkauka. "Huku, mjomba! Pwani iko huku!" Akasikiliza. Mawimbi tu, chubwi, chubwi. Kwa siku saba alirudi pale pale, akabweka.

Nyangumi akaisha. Baridi ikarudi, barafu ikashika, na sili wakarudi chini yake. Mbweha akatoka na watoto wake watano, wakasimama kwenye theluji mpya, nyeupe pande zote, haina alama hata moja.

"Mama," akauliza kitinda mimba, "tunamfuata nani?"

Mbweha akainamisha kichwa, akatangulia yeye, na hakujua anakokwenda.

Hadithi yangu imeyeyukia hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mwenyewe. Na funzo lake ni hili, watoto: mdomo ukijaa chakula, usizungumze. Ni tabia mbaya sana.