Nozeli Kumi na Mbili za Bi Pimbi

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Sema wewe, masikio yetu yapo.

Wenye magari mpo?

Tupo, yenyewe yamelala gereji.

Basi sogeeni, hii ni yenu. Wasio na gari nao wakae, wacheke kwa nafasi.

Hapo kale, lakini si kale sana maana gereji zilikuwepo, wanyama wa Kilima Pofu walinunua kila mmoja gari lake. Nyati alinunua lori. Kongoni alinunua gari dogo la kutembelea. Ngiri alinunua la mtumba, lenye mlango mmoja usiofunguka. Na Bi Pimbi, mjane wa kule mwambani, mnyama mdogo mwenye maneno mengi, alibaki na pikapu ya marehemu mumewe. Kwa pikapu hiyo alipeleka kabichi gulioni kila Jumamosi, na kwa kabichi hizo watoto wake saba walikula. Pikapu isipotembea, watoto hawali.

Sasa wanyama wale walikuwa na desturi yao. Mwenye gari hafunui boneti. Kufunua boneti ni kazi ya fundi, na anayejifunulia mwenyewe huonekana hana adabu, sawa na mgeni anayefunua chungu jikoni kwa mkwewe. Marehemu mume wa Bi Pimbi alikuwa akiifunua yake nyuma ya mwamba, akiosha kabureta kwenye beseni, na mkewe amesimama kuangalia kama majirani wanakuja.

Fundi wa Kilima Pofu alikuwa Kiboko. Gereji yake ilikuwa chini ya mlima, pale pale magari yanapoanza kuhema. Alikuwa na tumbo kubwa na alikuwa na mashine. Mashine ilikuwa na taa nyekundu, taa ya kijani, na mirija ya kioo yenye maji yanayotokota. Shingoni alivaa nozeli moja iliyong'arishwa, ameifunga kwa uzi, na kila mteja alionyeshwa. Kiboko alisema hicho ndicho kidude kinachopuliza mafuta ndani ya injini, kikichafuka gari limekwisha.

Nyati akaja, lori lake linavuta upande. Kiboko akaguna, akatikisa kichwa, akasema, "Nozeli." Mashine ikawashwa: ngwiii, tsi-tsi-tsi. Nyati akaacha magunia mawili ya mahindi, akaondoka na lori linalovuta upande.

Kongoni akaja, honi yake hailii. Kiboko akaguna, akatikisa kichwa, akasema, "Nozeli." Ngwiii, tsi-tsi-tsi. Kongoni akaacha mzigo wa majani mabichi, akaondoka anapiga kelele kwa mdomo kwenye kona.

Ngiri akaja. Huyu alikuwa akinunua mafuta ya chupa kando ya barabara, mafuta yenye maji na mchanga, na gari lake lilikuwa linarukaruka na kuzima. Kiboko akaguna, akatikisa kichwa, akasema, "Nozeli." Na kweli, jamani, tusimwonee mtu, za Ngiri zilikuwa zimeziba. Zikasafishwa, gari likapanda mlima bila kupumzika. Tangu siku hiyo Ngiri akawa mhubiri. Kila aliyelalamika alimuuliza, mbona langu lilipona? Na wote wakarudi gereji, maana lake lilipona kweli.

Zamu ya Bi Pimbi ikafika. Pikapu yake ilianza kukohoa mlimani: keh, keh, keh. Kiboko hakuinuka hata kwenye kigoda chake. Akaguna, akatikisa kichwa, akasema, "Nozeli." Akasogeza mashine karibu na gurudumu, ngwiii, tsi-tsi-tsi, akachukua nusu ya kabichi za siku hiyo. Jumamosi iliyofuata, keh, keh, keh. Nozeli zimechafuka tena, nusu ya kabichi. Jumamosi ya tatu, keh, keh, keh. Hapo Kiboko akasema sasa ni usafi mkubwa, kabichi zote, na gari linabaki gereji. Jumamosi ijayo asipoleta mzigo mwingine mzima, pikapu ni ya Kiboko. Ufunguo akautia shavuni, akafunga mdomo.

Bi Pimbi akarudi kwa miguu. Watoto saba wakala majani ya nje ya kabichi, yale magumu ya kutupwa. Siku ya tatu yakaisha hata hayo, na mama yao akalia, kisha akafuta machozi, maana hasira yake ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Kesho yake mchana, Kiboko akiwa ameingia bwawani kupoza ngozi kama kawaida yake, Bi Pimbi akanyata hadi kwenye pikapu yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafunua boneti.

Akaiona kabureta, ile ile ya kwenye beseni. Juu yake akaona chujio la hewa limeshindiliwa vumbi, nyasi, na panzi wawili waliokauka. Halafu akatafuta kidude kinachofanana na kile cha shingoni kwa Kiboko. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma, akaingiza kichwa hadi mabega. Hakuna hata kimoja. Pikapu ya marehemu ilikuwa ya zamani, inayolishwa mafuta na kabureta peke yake, na nozeli haijawahi kuwa nazo tangu izaliwe. Bi Pimbi akafunika boneti polepole, akaondoka bila kugusa kitu.

Jumamosi wanyama wote walipita pale kwenda gulioni. Bi Pimbi akasimama mbele ya gereji, akamsifu fundi kwa sauti ya kusikika. Akasema aibu imemshika, kwa kazi yote ile anamlipa kidogo mno, na shamba lake bado limejaa kabichi.

"Fundi wangu," akasema, "nataka nikulipe kwa kila nozeli, tenga moja moja. Ulisafisha ngapi?"

Kiboko akahesabu magurudumu kwa macho. "Nne."

"Nne tu? Na pikapu yenyewe ni ya mizigo?"

"Nane," akasema Kiboko. "Nyingine ziko ndani."

"Nane. Na zile za gia ya kupandia mlima?"

"Ukiweka na hizo, kumi na mbili."

Wanyama wakapiga miluzi. Bi Pimbi akamshukuru sana. Akasema basi mbele ya majirani wote, kila nozeli fundi atakayoigusa, ifanane na ile ya shingoni, ni tenga la kabichi. Kila atakayoikosa, fundi anarudisha tenga moja katika yale aliyokula. Kiboko akaona matenga kumi na mawili mbele yake, hakuona kingine chochote, akakubali.

Akafunua boneti: kwiiik. Akachungulia. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuchungulia humo.

Akagusa kitu kimoja.

"Hii."

Ngiri, yule mhubiri, akasogea akatazama. "Fundi, hiyo ni betri. Betri hata mimi naijua."

Akagusa kingine, kikawa kifuniko cha oili. Akagusa cha tatu, kikawa panzi. Mdomo ukaachama, na ufunguo ukaanguka chini mbele ya watu wote.

Matenga kumi na mawili alikuwa ameshayala, yasingerudi isipokuwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Wazee wa Kilima Pofu wakaamua atoe mashine badala yake. Bi Pimbi akakung'uta chujio, pah, pah, pah, akawasha pikapu, vruum, akapanda mlima na mashine nyuma. Jioni hiyo watoto saba walikula hadi wakalala mezani.

Mngedhani imeisha hapo. Sikilizeni basi.

Bi Pimbi akafungua gereji yake mwenyewe. Kongoni akaja, Bi Pimbi akafunua boneti, akaona waya wa honi umechomoka, akauchomeka. Akamwambia nozeli zako nzima, nenda salama. Kongoni akamtazama vibaya. Akamuuliza, "Na mashine hujaiwasha?" Akaondoka bila kuacha kitu. Nyati naye akaambiwa tatizo ni tairi, akasema huyu mama si fundi, anafunuafunua tu. Baada ya wiki mbili gereji ilikuwa tupu, na foleni ilikuwa bwawani, ambako Kiboko alikuwa ameweka pipa tupu na tochi mbili badala ya mashine, akinguruma mwenyewe kwa mdomo.

Bi Pimbi akafikiri. Asubuhi moja Nyati akapita, Bi Pimbi akamwita. Akaguna, akatikisa kichwa, akawasha mashine kwenye kona, haijaunganishwa na chochote: ngwiii, tsi-tsi-tsi. Kelele zikiendelea, akambadilishia tairi.

Nyati akaacha magunia matatu, na machozi ya shukrani. "Nilijua tu," akasema. "Ni nozeli."

Fundisho lake, wanangu, ni hili: kuwa mkweli siku zote, ukweli unalipa. Ila uwashe mashine kwanza. Na mkitaka kujua kama inafaa kulipia kusafishwa nozeli, muulizeni Ngiri, ambaye zake ziliziba kweli, msimuulize mwingine yeyote.

Hadithi yangu imezima hapa. Mwenye yake aiwashe, tusikie mlio.