Zimwi Lisilotoa Ruhusa

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeingia?

Na atoke!

Akizuiwa?

Na aage tena!

Basi hapo zamani, katika msitu wa milimani ambako mvua hunyesha mpaka watu wanasahau jua lina sura gani, palikuwa na mwanamke akiitwa Kidawa. Kidawa alikuwa na mtoto mmoja, Mbaruku, mtoto wa kutambaa. Mbaruku alikuwa na neno moja tu, nalo ni "ba". Maji ni ba, uji ni ba, mama naye ni ba.

Siku moja mvua ilipoanuka, Kidawa alimwacha mtoto kwa mama mkwe wake, akashika kikapu akaenda kutafuta uyoga. Aliaga kwamba atarudi kabla uji wa Mbaruku haujapoa. Lakini nanyi mnajua mambo ya uyoga. Ukichuma wa hapa, mwingine unakuita kule, na ukienda kule unauona mwingine mbele. Mara mvua ikarudi kwa kishindo, na Kidawa akageuka huku na huku asiione njia.

Mbele yake akaona ua mrefu wa miti iliyosukwa, na moshi ukifuka ndani.

Kidawa alikuwa amelelewa akaleleka. Hakujitia ndani kama mbuzi. Alisimama mlangoni pa ua, akavua makubadhi yake, akasema, "Hodi."

"Karibu," pakajibiwa.

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake, bila mkono wala komeo. Alipoinama kuweka makubadhi yake pembeni, akaona viatu vingine vimepangwa vizuri, ndara na mitalawanda na makubadhi ya watu wazima, vyote vimeota ukungu.

Aliyekuwa amekaa barazani alikuwa zimwi. Mdomo wake ulianzia sikio hili ukaishia sikio lile. Lakini lilikuwa zimwi lenye adabu zake! Lilimpa kigoda, likampa boga la kuchemsha, likamuuliza habari za huko atokako. Kidawa akala kidogo kwa kuogopa kukataa, kisha akasimama akasema kuwa anaomba ruhusa, ana mtoto nyumbani.

Kutoka kwenye boriti za paa sauti ikajibu, "Bado mapema."

Kutoka kwenye miti ya ua sauti ikajibu, "Hujala."

Kutoka chini ya kizingiti sauti ikajibu, "Kaa kwanza."

Zimwi likacheka mpaka matundu ya pua yakatanuka. Likamweleza sheria ya nyumba yake, tena kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni mahali pa kuogea.

"Mgeni wangu haondoki bila ruhusa," likasema. "Akiaga mara tatu na asijibiwe, mlango utafunguka wenyewe. Ila mlango huu haujakosa jibu hata siku moja. Na siku utakapoacha kuaga, hutakuwa mgeni tena. Utakuwa kitoweo."

Kidawa akatazama vile viatu, akaelewa kilichowapata wenyewe. Hawakuliwa siku waliyoingia. Waliliwa siku waliyozoea.

Basi maisha yakawa hayo. Asubuhi zimwi linakwenda kuwinda, jioni linarudi. Kila siku kabla jua halijatua, Kidawa anasimama mbele ya mlango wa ua na kuaga. Bado mapema. Hujala. Kaa kwanza. Alijaribu kuupanda ua, ua ukarefuka. Alijaribu kuita, msitu ukaimeza sauti yake. Maziwa yalimjaa kifuani yakamuuma, kisha yakakauka, na siku yalipokauka alilia kuliko siku zote. Alijua kwamba huko nyumbani Mbaruku anaota meno, anasimama, anapata maneno. Kilichomtesa zaidi ni kwamba neno "mama" mtoto atalijifunza yeye hayupo, na atampa mtu mwingine.

Mvua ikikatika, ndani ya ua mliwaka jua kali. Zimwi lilikuwa limekata kila mti, ardhi ikawa nyeupe na ngumu. Upepo ulileta majani makavu kutoka msituni, na Kidawa aliyafagia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mwanamke wa kwao, na mwanamke wa kwao akiamka haoni raha mpaka uwanja uwe safi. Alifagia kila asubuhi, akatupa majani motoni, asijue kwamba anajifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja, ufagio mkononi, akaona mjusi kafiri ameshuka ukutani. Nanyi mnajua watu wanavyomfanya mjusi huyu. Hajakuuma, hajakuibia, lakini akionekana tu ni fimbo. Kidawa akampiga kwa ufagio. Mkia ukakatika, ukabaki unachezacheza chini peke yake, na mwenye mkia akaparamia ukuta.

"Umenikata mkia," mjusi akasema kutoka juu. "Nami ndiye ninayewala wanaokujibu."

Ufagio ukamwanguka Kidawa. Akamwomba radhi, tena akamwomba radhi, tena akamwomba radhi. Mjusi akatulia, akamweleza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyauliza.

Sauti zile hazikuwa za zimwi. Zimwi lilikuwa vivu, kazi ya kujibu lilikuwa limeigawa. Wanaosema "bado mapema" ni nzi wanaolala kwenye boriti. Wanaosema "hujala" ni nyenje walio kwenye miti ya ua. Wanaosema "kaa kwanza" ni mchwa walio chini ya kizingiti.

Kidawa akauliza kwa nini basi asiwale wote wakaisha.

"Kila mmoja wetu na sahani yake," mjusi akasema. "Mimi ni wa ukutani na wa giza, nitakumalizia nzi. Nyenje wa matawini ni wa kinyonga, mchana. Mchwa wa chini ni wa mjusi islamu, anayewinda ndani ya majani makavu. Lakini hao ni watu wa msituni, wamezoea kivuli na ubaridi. Wakikanyaga uwanja huu wataiva kabla hawajafika mlangoni. Tena hata majani ya kujifichia, wewe unayafagia."

Hayo majina ya kafiri na islamu ni sisi watu tuliowapa. Wenyewe hawana habari, na hawajawahi kugombana.

Kuanzia siku hiyo Kidawa akaacha kufagia. Msifikiri ni jambo dogo. Kila akiamka mikono ilimwasha, aibu ikampanda, akawa anajificha uso mbele ya uwanja wake mwenyewe. Majani yakajaa, yakalowa, yakaanza kunuka udongo wa msituni.

Jioni moja zimwi likarudi, likasimama katikati ya taka likauliza kulikoni.

"Mimi ni mgeni," Kidawa akasema. "Kwetu mgeni hafagii. Ukinipa ufagio umenifanya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hutoka apendavyo."

Zimwi likauokota ufagio, likauweka chini tena. Lilikuwa limenaswa na adabu yake lenyewe. Likaingia ndani likanuna.

Kisha Kidawa akachukua mbegu za boga alilokuwa akilishwa kila siku, akazipanda kuuzunguka ua na kuizunguka nyumba. Zikaota, zikatambaa, zikapanda juu ya paa na juu ya miti ya ua, majani yake mapana yakafunika jua. Zimwi likaona maboga, likafurahi, likidhani mgeni wake anaongeza chakula. Chini ya yale majani ardhi ikapoa.

Basi mjusi islamu akaja. Kwanza Kidawa alisikia mchakarisho tu ndani ya majani, kisha akaona mgongo unaong'aa ukiteleza kuelekea kizingitini. Jioni ile alipoaga, sauti ya chini ilikuwa imepungua. Bado ilisema kaa kwanza, lakini kwa mbali.

Kisha kinyonga akaja. Huyo Kidawa alimwogopa kweli. Kwao waliambiwa ukikutana na kinyonga njiani urudi nyumbani. Akamwona anavuka kikonyo cha boga, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, jicho moja kwake, jicho la pili kwa nyenje. Kidawa akajikaza asikimbie. Ulimi ukatoka, ukarudi, na nyenje mmoja hakuwepo tena. Jioni ile hata sauti ya ua ilikwaruza.

Kazi ya mijusi ni ya taratibu. Hawali kwa sababu wewe una haraka, wanakula wakiwa na njaa. Kidawa alihesabu siku kwa mkia wa mjusi kafiri, uliokuwa ukiota upya, mfupi kwanza na wa rangi nyingine, kisha mrefu kidogo, kisha mrefu zaidi.

Na hapo, karibu na mwisho, ndipo alipotaka kupotea.

Siku moja alikaa kibarazani mchana kutwa akimtazama kinyonga. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na maua ya maboga, tumbo lilikuwa limeshiba. Akajisemea moyoni kwamba kesho atayachuma majani ya boga ya huku kwetu yapikwe. Huku kwetu! Alilisema neno hilo na wala hakulisikia. Jua likateremka. Zimwi likarudi, likamtazama. Likachukua chungu kikubwa, likateka maji, likakibandika motoni. Ndani ya chungu hamkuwa na boga. Mlikuwa na maji na chumvi tu.

Kidawa akausikia ule mvuke ukigonga kifuniko, ba, ba, ba.

Ba! Akaruka, akajikwaa, akafika mlangoni jua limebaki ukucha. "Naomba ruhusa!" akalia. Sauti tatu zikamjibu, nyembamba, na kwa mara ya kwanza akashukuru kuzuiwa, kwa kuwa aliyezuiwa bado ni mgeni. Zimwi likaipua chungu. Kidawa hakulala. Alilirudia jina la mtoto wake mpaka kukapambazuka, asije akazoea tena.

Siku chache baadaye mkia wa mjusi ukatimia. Zimwi lilikuwa limekwenda kuwinda. Kidawa akasimama mbele ya mlango.

"Naomba ruhusa."

Kwenye boriti, kimya.

"Naomba ruhusa."

Kwenye miti ya ua, kimya.

"Naomba ruhusa."

Chini ya kizingiti alikuwa amebaki mchwa mmoja. Akaanza, "Kaa kwa..." Majani yakachakarika, na mjusi islamu akamaliza sentensi hiyo kwa kuimeza.

Mlango ukafunguka. Kidawa akachukua makubadhi yake katikati ya vile viatu visivyo na wenyewe, akawaaga mijusi mmoja mmoja, akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Jioni zimwi likarudi kutoka mawindoni, likakuta pamefungwa. Likapiga hodi. Hakuna wa kujibu, wote wameliwa. Likapiga hodi ya pili, likapiga hodi ya tatu. Na kwa sheria ya nyumba ile, anayepiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Lilijaribu kusukuma, lakini ile sheria lililoitunga lenyewe ilikuwa nzito kuliko mabega yake. Basi likageuka, na mpaka leo linazunguka huko milimani bila kwake. Mkisikia ngurumo na mvua haiji, ni zimwi linapiga hodi.

Kidawa alitembea, akalala njiani, akatembea tena, akafika kwake. Moshi wa kwake, mlango wa kwake. Miguu ikakataa kuingia. Alikuwa ameaga siku nyingi mno, akawa hajui tena namna ya kuingia mahali kama mwenyewe. Akavua makubadhi.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mgeni," sauti ndogo ikajibu.

Akatoka mtoto anayetembea, mwenye meno, mwenye maneno. Mbaruku. Alivuta kigoda kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na bibi yake, akamwekea mgeni. Kidawa akakaa. Alitaka kusema mimi ni mama yako, akajikuta anasema ahsante, kama mgeni. Mtoto alimwangalia tu, kwa heshima, na ile heshima ilimchoma kuliko kifungo chote.

Akainuka atoke nje akalie mbali, asimtishe. Hapo Mbaruku akamshika pindo la kanga.

"Bado mapema," mtoto akasema. "Hujala. Kaa kwanza."

Kidawa akasimama pale pale. Maneno yalikuwa yale yale. Akageuka polepole kuutazama mlango. Ulikuwa wazi, upepo ukiuchezea, na hakuna aliyeufunga.

Basi akakaa. Mama mkwe aliporudi na maji kutoka mtoni aliuangusha mtungi, akalitaja jina la Kidawa, na mtoto akasikia ni nani. Hata hivyo hakumwita mama siku ile, wala siku ya pili. Kidawa hakumharakisha, alikuwa amejifunza kwa mijusi. Mbaruku alimwita mama asubuhi moja, Kidawa akiwa anafagia uwanja, na alipokuwa akifagia aliacha majani kidogo pembeni, na ukutani mjusi kafiri alikuwa akitazama bila kuguswa na mtu.

Funzo lake ni hili, wajukuu. Ukimkaribisha mtu kwako, uache mlango unaofunguka pande zote mbili, maana ukarimu usio na ruhusa ni kifungo. Na yule mjusi wa ukutani mwacheni, hamjui anamla nani kwa ajili yenu.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevaa makubadhi, inaomba ruhusa.

Haya. Mwambieni iende.