Kiti cha Aliyerudi

Mtu mmoja alikuwa na panga, na panga hilo ndilo lililomlisha. Aliitwa Kaijage. Kijiji chake kilikuwa cha migomba mitupu, kilimani na bondeni, nyumba zimezama humo ndani hata ukitazama kwa mbali ni moshi tu unaokuambia pana watu. Kaijage hakuwa na shamba la kujivunia. Kazi yake ilikuwa kuitwa. Leo anakata majani makavu kwa huyu, kesho anapunguza machipukizi kwa yule, na jioni anarudi nyumbani na ndizi begani. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kila mtu aliusifu. Lakini watu walipokaa kuzungumza, Kaijage akianza tu kusema, wenzake walikumbuka kwamba wana kiu. Mnawajua watu wa namna hiyo. Huenda hata hapa yupo mmoja, na aliyekaa naye ubavuni hajamtazama tangu aingie.

Basi ukaja mnyauko. Majani yaligeuka manjano mvua zikiwa bado zinanyesha, mikungu ikaiva kabla ya wakati wake, na ukimenya ndizi iliyopendeza kwa nje unakuta ndani imeoza. Lilianza shamba moja, likafuata jingine, kisha likafuata la ng'ambo ya bonde ambalo halikupakana na lolote kati ya hayo. Hapo ndipo watu walipoogopa kwelikweli, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa unaruka. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema ni upepo. Watoto wakaanza kulala na uji mwepesi, na wazazi wao wakaanza kugombana kwa mambo madogo.

Ilijulikana kwamba nyuma ya milima alikuwako mama mmoja, Mukabagire, ambaye shamba lake halikuguswa. Tena ilisemekana migomba ya kwanza ya kijiji ilitoka huko, enzi za mababu. Mtu akienda kuomba miche, kijiji kitapona. Kila mtu alikubali kwamba mtu aende. Mwenye ng'ombe akasema ng'ombe wake hawana wa kuwaangalia, mwenye mguu mbaya akaukumbuka mguu wake, na wote kwa pamoja wakamgeukia Kaijage, kwa sababu yeye hakuwa na cha kuacha. Kaijage akakataa.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mgomba mmoja wa kijani. Huo ndio aliokuwa akiutegemea. Alisema moyoni mwake, mimi bado ninao, waende wasionacho. Ndugu zangu, msimcheke. Wengi wetu hatukuitikia wito kwa ajili ya kitu kidogo kama hicho, kimoja, kilichobaki, kilicho nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja akaenda kuukata mkungu wake, na kwenye jeraha la shina ukatoka utomvu wa manjano, mzito, kama ule wa migomba iliyokufa, ukashuka taratibu juu ya panga. Akaufuta kwa jani. Mkewe, Kokusima, alikuwa amesimama mlangoni na ungo mtupu mkononi, na ameona. Kaijage akaingia ndani, akachukua gunia na kamba, akaondoka na panga lake bila kumuaga mtu.

Njia sitaisimulia yote. Ilikuwa na mto uliojaa, ilikuwa na njaa, na ilikuwa na ukungu ambao ndani yake aligeuka akarudi nyuma, akatembea kitambo kuelekea kwao, kisha akasimama, akageuka tena. Hakuna aliyemwona akigeuka mara zote mbili. Alipofika kileleni ukungu ukafunguka, akaona kwa mara ya kwanza pande zote za mlima. Kijiji chake, ambacho alidhani ndio dunia, kilitosha kufunikwa na kiganja. Upande wa pili nchi iliendelea na kuendelea, kilima nyuma ya kilima, hadi macho yakachoka. Akakaa chini, akalia. Hakuwa na huzuni. Alilia kwa sababu ilikuwa kubwa mno na yeye alikuwa ameruhusiwa kuiona.

Penye njia ya kuingilia shamba la Mukabagire palikuwa na moto unaowaka, na kando yake chungu cha maji ya majivu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi hapo, mtu mzima sana, mikono imekakamaa kwa kazi. Kaijage akamwamkia, akaeleza shida yake. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaliangalia panga.

"Hilo panga limekata wapi na wapi, mwanangu?"

Kaijage alifurahi. Tangu azaliwe, nani aliwahi kumuuliza jambo akasubiri jibu? Akaanza kuyataja mashamba kwa majina ya wenyewe, shamba kwa shamba, kwa mpangilio aliokuwa akiyazungukia. Kwa Rwegoshora. Kutoka kwa Rwegoshora kwenda kwa mjane wa juu kilimani. Kutoka kwa mjane kwenda ng'ambo ya bonde. Akataja hivyo, na kadiri alivyotaja sauti yake ikazidi kushuka, kwa maana alisikia kitu ambacho masikio yake hayakuwahi kukisikia. Alikuwa anayataja mashamba yaliyokufa, na alikuwa anayataja kwa mpangilio uleule yalivyokufa. Ugonjwa haukuruka. Ulibebwa, ukavushwa bonde kwa miguu yake, ukashushwa kwa mkono wake mwepesi uliosifiwa na kila mtu.

Mama Mukabagire alilichukua panga, akaliingiza motoni, akaliacha humo hadi likawa jekundu. Kisha akamnawisha Kaijage mikono na miguu kwa maji ya majivu, kama unavyomnawisha mtoto, akamwingiza shambani mikono mitupu.

Nisikilizeni hapa, maana hapa mimi mwenyewe huwa naishiwa maneno. Mle ndani migomba ilisimama mirefu, minene, haina doa, na mikungu imeinama hadi karibu na ardhi. Palikuwa kimya. Mwanga ulipita kwenye majani ukawa kijani, ukamwangukia usoni na mikononi, mikono ileile. Kaijage alisimama katikati ya uzima wote ule akijijua yeye ni nani. Alitarajia kufukuzwa. Mama akainama, akachimba miche kwa mkono wake mwenyewe, akachagua iliyo bora, akaifunga gunia zima na mingine juu ya gunia, hakutaka malipo, hakutaka hata ahadi. Alimrudishia panga lake likiwa limepoa. Alimwambia neno moja tu, kwamba chuma kisichopita motoni kisiiguse miche hii.

Njia nzima ya kurudi Kaijage alikuwa anaitengeneza sentensi yake. Nikifika, nitasema kwanza ni mimi. Aliisema mtoni, aliisema mlimani, aliisema hadi ikawa nyepesi mdomoni. Ni rahisi sana kukiri mbele ya mawe.

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mtu akirudi kutoka safari ndefu, mikono yake haifanyi kazi siku hiyo. Anakalishwa kwenye kiti mbele ya nyumba, analetewa maji, na kabla hajala anasimulia safari yake tangu hatua ya kwanza. Watu wanasikiliza, na huku wakisikiliza wanaupokea mzigo wake, wanaufungua, wanautengeneza. Ni desturi ya upendo. Sijui desturi nzuri kuipita.

Wakamwona anashuka na miche kichwani. Vigelegele vikapigwa kutoka nyumba hadi nyumba. Wanawake walilia. Wakampokea mzigo, wakamkalisha kitini, kijiji kizima kikakaa chini kumzunguka, na kikanyamaza. Kaijage akafungua kinywa aseme ile sentensi. Akaziona nyuso. Rwegoshora, ambaye hakuwahi kumaliza kumsikiliza hata salamu, alikuwa ameinamisha kichwa ili asipitwe na neno.

Kaijage akaanza na mto.

Akausimulia mto, na mto ukawa mkubwa zaidi ya ulivyokuwa. Akasimulia njaa. Akasimulia ukungu, ila kule kugeuka nyuma hakukutaja. Watu walishika vichwa, walisema "ehee", waliomba arudie. Alipofika kileleni akawaonyesha kwa mkono jinsi nchi ilivyoendelea, na watu wazima wakageuka kutazama kule mkono ulikoelekea, wasione kitu isipokuwa ukuta wa jikoni. Alikuwa msimulizi hodari, kumbe! Muda wote ule hodari alikuwa ndani yake na hakuna aliyempa nafasi. Sasa alikuwa amepata heshima mbele ya watu, na utamu wake hakuwahi kuuonja. Ile sentensi aliiona inakuja mbele, kwenye moto wa Mama Mukabagire, akawa anapunguza mwendo ili asifike.

Hadithi nyingi hufika hapa zikaisha. Nimezisikia, nanyi mmezisikia: mtu ametoka kwao, amekataa kwanza, amevuka pasipovukika, ameshuka mahali pa kutisha akakutana na nafsi yake, amepewa asichostahili, amerudi, ngoma zimelia. Watu wasiojuana, wa lugha zisizosikilizana, wote wanamsimulia mtu huyohuyo. Kila nikiwaza jambo hilo mwili wangu husisimka. Ni nani aliyetufundisha wote njia moja? Lakini nawaambia, Kaijage alikuwa bado hajarudi. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake mwenyewe na bado yuko safarini.

Maana Rwegoshora, kwa furaha na kwa kufuata desturi, alikuwa amesogea kwenye miche. Aliona ina majani yaliyonyauka kwa safari. Akachukua panga lake, lile alilokatia mgomba mgonjwa siku iliyopita, ili aipunguze iwe tayari kupandwa. Akaushika mche wa kwanza kwa mkono wa kushoto.

Kaijage aliliona panga likiinuliwa. Angeweza kusema acha, nitafanya mwenyewe, wangempenda zaidi. Lakini kesho wangeingia shambani na majembe yao, na keshokutwa na visu vyao, na yeye hana mikono mia ya kuwazuia. Kijiji hakingepona kwa miche. Kingepona kwa ile sehemu ya hadithi ambayo hakutaka kuisimulia. Kati yake na kifo cha watoto wale wa uji mwepesi palikuwa na aibu yake tu, na aibu hiyo alikuwa ameikalia.

Akainuka kutoka kitini.

"Weka panga chini, Rwegoshora. Ugonjwa niliueneza mimi, kwa panga langu, kutoka kwako hadi kwa kila aliyeniita. Tieni vyuma vyenu vyote motoni kabla hamjagusa mche hata mmoja."

Hakuna aliyesema "ehee". Watu walimtazama, na aliona kwa macho yake jinsi sura ya shujaa inavyotoka kwenye uso wa mtu anayekuangalia. Mjane wa juu akajifunika kichwa kwa khanga. Rwegoshora alibaki na panga mkononi, na kwa kitambo kirefu haikujulikana litashukia wapi. Kaijage hakujitetea. Hakusema sikujua, ingawa ilikuwa kweli kwamba hakujua.

Aliyenyanyuka kwanza ni Kokusima. Aliingia jikoni, akatoka na kisu chake cha kumenyea ndizi, akakiweka kwenye makaa, akasimama hapo hapo akikingoja. Akaja mwingine na jembe. Akaja mwingine. Mwisho Rwegoshora akaja, akalitupa panga lake motoni kwa hasira hadi cheche zikaruka, akaondoka asimtazame mtu. Siku ile watu walipanda kwenye ardhi ambayo haikuwahi kuwa na mgomba, wakapanda kimya, Kaijage akichimba mashimo kama kibarua mwingine yeyote. Chakula kilichoandaliwa kwa ajili yake kililiwa na watoto.

Migomba ilisimama. Mwaka ulipogeuka kijiji kilikula, na mjane wa juu akampelekea Kaijage mkungu, akauacha mlangoni bila kubisha hodi. Rwegoshora hakumsemesha hadi alipokufa. Hadithi ya safari haikumaliziwa, maana hakuna aliyemrudisha kitini aimalize, na mpaka leo kule hakuna anayejua kilichotokea baada ya kilele. Watoto waliozaliwa baadaye walikula ndizi za Mama Mukabagire bila kujua jina lake, wala jina la aliyezibeba. Wakanenepa.

Nanyi mmetoka, mkavuka, mkarudi. Kila mmoja hapa ana mto wake, na anausimulia vizuri. Basi niulize, nami najiuliza pamoja nanyi: ile sehemu unayoiruka kila unapokaa kitini, ni nani anayekufa njaa kwa kutoisikia?