Vuai na Bustani ya Maua Yasiyonyauka

Hapo zamani, zama ambazo wafalme walikuwa wengi na wenye kuwaambia kweli wachache, alikuwako katika mji wa Shangamu Sultani mmoja, jina lake Mwinyi Jabu. Sultani huyu alipenda maua mapenzi makubwa, yaani alipenda kuitwa mwenye maua. Kuingia bustanini hakuingia, kwa kuwa udongo huchafua viatu na nyuki hawana adabu. Yeye alikaa barazani, na bustani ilikuwa nyuma ya jumba, na kila asubuhi humwuliza Waziri wake, "Bustani yangu i hali gani?" Naye Waziri hujibu, "Inakuombea dua, Maulana." Basi Sultani akaridhika, akaletewa kahawa.

Waziri huyo, aliyeitwa Ngwali bin Mshindo, ndiye aliyechagua maua ya kupandwa, na njia yake ya kuchagua ilikuwa moja tu: ua likitoka mbali ni zuri, likitoka mbali zaidi ni zuri zaidi. Akaagiza maua ya nchi za baridi, akayapanda juani kwenye mchanga wa chumvi, akaamuru yamwagiliwe maji adhuhuri, jua likiwa utosini, kisha akashangaa yalipokufa. Nayo yakifa, mwenye makosa ni mtunza bustani. Watano walikwisha kufukuzwa mjini kwa namna hiyo. Wa sita alikuwa na akili, akafunga maua ya vitambaa kwa uzi kwenye vijiti, na bustani ikasifiwa sana hadi siku iliyonyesha mvua, rangi zikachuruzika zote.

Sasa nyuma ya ukuta wa bustani hiyo palikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake alikaa maskini mmoja, Vuai, pamoja na mkewe Mize. Majirani wao wote walikwisha kuhamishwa ili bustani ipanuliwe, na viwanja vyao vikapandwa maua ya Waziri, yaani vikawa vitupu. Vuai mali yake ilikuwa mbuzi wawili, mkilua mmoja, yaani mti utoao maua ya vilua yenye harufu nzuri, na miasumini mitatu iliyotambaa juu ya ukuta. Mize alikuwa mtunga vikuba hodari, vile vishada vya asumini na vilua na majani ya mrehani ambavyo wanawake hubandika kifuani au kwenye nywele, na hapakuwa na bibi harusi Shangamu aliyeingia chumbani bila kikuba chake.

Ikawa siku moja Waziri akamwambia Sultani, "Maulana, bustani imebana. Kimebaki kiwanja kile kimoja." Sultani akataka kukitwaa, ila alikuwa na udhaifu mmoja, alipenda aonekane mwadilifu. Basi akatuma Vuai aitwe.

"Vuai," akasema Sultani, "nimeambiwa kwako maua yaota kuliko kwangu. Hiyo ni bahati, au ni utovu wa adabu?"

"Ni samadi ya mbuzi, Maulana."

Sultani akasema, "Vyema. Tangu leo utatunza bustani yangu. Utapanda maua uyatakayo, na sharti langu ni hili: lisionekane bustanini mwangu ua lililonyauka, hata moja. Likionekana, kibanda chako kitabomolewa na kiwanja kitakuwa changu. Lisipoonekana, kiwanja ni chako na cha kizazi chako, wala hapana atakayekigusa."

Wapambe wakalia, "Haki! Haki!" Na kwa kweli lilikuwa sharti la haki kabisa, ila tu haliwezekani.

Vuai akainama. "Nimesikia na nimetii. Naomba mwaka mmoja wa kupanda na mwezi mmoja wa kukaguliwa, kwani ua halichanui kwa amri."

Sultani akampa, maana mwaka wa mtu mwingine si kitu kigumu kutoa.

Vuai aliporudi na kumweleza mkewe, Mize aliangusha sinia la asumini. "Umekubali nini, mume wangu? Lini umeona ua lisilonyauka? Mama yangu kafia chumbani humu, na wanangu wawili nimewazika nyuma hapo. Wakibomoa, nitakwenda kuwazuru wapi?" Akalia sana, na Vuai akaumia moyo kumwona vile, kwa kuwa mkewe hakuwa mtu wa kulia.

Akaziokota asumini moja moja. "Mize, miaka yote hii uliyotunga vikuba, umepata kuona asumini yako imenyauka mtini?"

"Itanyaukaje mtini, nami naichuma jioni ikiwa bado tumba?"

"Ahaa," akasema Vuai, na usiku ule alilala kama aliyeshiba.

Masika yalipoingia akaanza kazi. Akaiondoa mizizi mikavu ya Waziri, akachanganya mchanga na samadi, akakata matawi ya mwasumini na kuyachomeka kando ya ukuta ili yapate pa kutambaa. Mikilua akaiweka pembeni kwenye kivuli, waridi akayapa jua la asubuhi, na mrehani akaupanda kandokando ya njia ili kanzu zikiupitia unukie. Waziri akaja akakunja pua. "Haya ni maua ya kila mtu. Hata mpishi wangu anayo!"

"Ndiyo maana hayafi, Mheshimiwa."

Mwaka ukatimia, bustani ikawa na mashina mazuri, na mwezi wa kukaguliwa ukaandama. Basi kila siku, baada ya sala ya alasiri, Vuai akafungua kilango cha nyuma, na wanawake wa mji, waungwana na watumwa, wakaingia na vikapu. Wakachuma kila ua lililochanua na kila tumba lililokaribia kufunguka, hawakubakiza hata moja. Na mmea wa asumini kadiri unavyochumwa ndivyo unavyozidi kutoa, ikawa kesho yake wanachuma zaidi. Mize akakaa kizingitini akitunga, na mji mzima ukanukia.

Kila asubuhi Waziri aliingia na bakora, akafunua jani moja moja, akapiga magoti, akatafuta ua lililonyauka kwa bidii ambayo hajapata kuitia katika kazi yoyote ya serikali. Hakupata. Aliona pia kwamba ua ambalo halijanyauka nalo halimo, lakini hilo hakuulizwa, na tangu lini mtu wa barazani akajibu asiloulizwa? Sultani husema, "Lipo lililonyauka?" Naye husema, "Halipo, Maulana." Yakaishia hapo.

Na ikawa katika mwezi ule Sultani kila akiingia chumbani mwake jioni husikia harufu nzuri mno. Akamwuliza Waziri, "Hii yatoka wapi?" Waziri hakujua, na kusema sijui hajazoea, akajibu, "Ni utukufu wako, Maulana. Mfalme mwadilifu mwili wake hunukia wenyewe." Sultani akaona ni jambo la kuaminika kabisa. Akapunguza kuoga, asije akaipoteza harufu ile.

Siku ya mwisho Sultani alitoka kwa zumari na ngoma, baraza zima nyuma yake, saa sita za mchana, kwenda kuiona bustani yake kwa mara ya kwanza. Akaona majani. Akageuka kulia, akaona majani. Zumari likanyamaza.

"Ewe Vuai! Maua yangu yako wapi?"

"Maulana, kwanza tafadhali mwulize Waziri: amepata kuona ua lililonyauka humu?"

"Sikuona," akasema Waziri.

"Basi sharti limetimia. Maua yote hunyauka, Maulana, hilo sina dawa yake. Nilichoweza ni kuhakikisha hayanyaukii hapa. Yamenyaukia vifuani na kwenye nywele za watu, baada ya kufanya kazi yake. Wala hukuniambia nisichume."

"Wezi!" Waziri akapaza sauti. "Kila mtu amejipamba kwa maua ya Sultani, ila Sultani mwenyewe!"

Hapo dirisha la ghorofani likafunguka, na sauti ya Mwana Kazija, mke wa Sultani, ikasikika. "Si kweli, Waziri. Mimi kila jioni navaa kikuba cha Mize, na bwana wangu husema hajapata kusikia harufu nzuri kama hiyo. Ila husema ni yake."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kwa kuzuia cheko. Sultani akafikiri, na kufikiri kulimtoa jasho. Kisha akasema polepole, "Ngwali, sogea uninuse."

Waziri akasogea. Akanusa. Akatazama wapambe, nao wakatazama miti.

"Sema kweli, mara moja tu katika maisha yako."

"Maulana," akasema Waziri kwa unyonge, "ni vyema ukaoge."

Sultani akamkodolea macho. Halafu tumbo likaanza kutikisika, akacheka hadi kilemba kikaangukia kwenye mrehani. "Miaka ishirini nimekulisha," akasema, "na leo ndiyo umenifaa!" Akamwamuru katibu aandike papo hapo kwamba kiwanja ni cha Vuai na kizazi chake, na kilango cha nyuma kiwe wazi kwa wanawake wa Shangamu kila alasiri. Waziri akaondolewa katika kuchagua maua, akapewa kuwashikia vikapu wanaochuma.

Mize aliposomewa waraka ule alikwenda nyuma ya kibanda, akawatilia wanawe maua makaburini. Na Sultani akaenda kuoga. Kisa kimekoma hapo. Aliyekipenda akichukue, aliyechukizwa huenda ana bustani.