Kaburi la Kiwavi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
Paukwa, wakubwa kwa wadogo! Na huyo anayesinzia pale, mwamsheni, tusije tukamzika bure.

Hapo zamani za kale palikuwa na Kiwavi. Alikaa juu ya mlimau. Kazi yake kula. Kwaru, kwaru, kwaru! Jirani yake Panzi akimsema kila siku: "Mlafi wewe! Utatumaliza!" Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Konokono.

Siku moja Kiwavi akasema, "Dada Konokono, mwili umechoka. Najifunika nilale. Mtu asiniguse mpaka niamke mwenyewe."

"Lala, ndugu yangu. Nipo."

Kiwavi akajifunika gubigubi, akaning'inia kwenye kitawi. Kimya. Kesho, kimya. Kesho kutwa, kimya.

Panzi akaja, akagonga. Ngo, ngo! Kimya.

"Uuuwi! Jirani amekufa! Na sanda kajivika mwenyewe, maskini!" Akalia kuliko wote, yeye aliyemsema kuliko wote. Akaitwa Fuko, mchimba makaburi. Fukufuku, fukufuku! Shimo tayari.

"Hajafa, amelala!" Konokono akasema. Wakamcheka.

Konokono akaogopa sana. Akizikwa huyu, atakufa kweli. Akawaza, akasema, "Haya. Lakini desturi mnaijua. Mtu hazikwi mpaka ndugu yake aingie kaburini alipime."

"Kweli," akasema Fuko. "Pima."

Konokono akashuka mti. Teleee... teleee... Mwendo wake mnaujua. Jua likatua, likachomoza. Akaingia shimoni. "Fupi!"

Fuko akachimba. Fukufuku! Konokono akapanda kumpima marehemu, akashuka tena. Teleee... teleee... "Jembamba!"

Fuko akachimba. Fukufuku! Konokono akapanda tena, akashuka tena. Teleee... teleee...

"Basi!" Panzi akafoka. "Anazikwa leo!" Akaruka juu, akakamata kitawi.

Ta! Sanda ikapasuka. Kikatoka kitu kimelowa, kimekunjamana. Kikajinyoosha polepole. Mabawa! Meusi, yenye madoa ya manjano.

"We-wewe nani?" Panzi akauliza.

"Mimi ndiye maiti wenu."

Panzi akaanguka shimoni, puu! Fuko akacheka mpaka akakaa chini.

Kipepeo akatua juu ya gamba la Konokono. "Dada, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Ila tumbo linaniwaka kwa kutambaa!"

Basi, wanangu, jirani akinyamaza msikimbilie kumchimbia kaburi. Na rafiki akikwambia nilinde, mlinde, hata kama mwendo wako ni wa konokono.

Hadithi yangu imeishia hapo, na shimo la Fuko bado liko wazi. Mkienda kulala, tazameni mnapokanyaga.